Mawazo ya Kujiua: Neno la Daktari, Swali la Jirani

Mawazo ya kujiua ni istilahi ya tiba ya afya ya akili. Katika Kifaransa cha hospitali za Kongo huitwa idées suicidaires, na maana yake ni fikra zozote zinazomjia mtu kuhusu kuutoa uhai wake mwenyewe, kuanzia ile ya kupita ya kutamani kulala asiamke, hadi ile inayorudi kila usiku ikiwa imeshapanga siku na mahali. Ndani ya jina hilo moja mna hali nyingi, na hali hizo hazilingani kwa uzito. Kiswahili kinaubeba uzito huo vizuri mahali fulani na kuupoteza mahali pengine, na mjini Kalemie kuupoteza kunaweza kugharimu uhai wa mtu.

Kalemie ni makao makuu ya jimbo la Tanganyika, mji wa ufukweni pale mto Lukuga unapotoka ziwani kwenda kuukuta Lualaba. Enzi za Wabelgiji uliitwa Albertville. Kuanzia 2016 mapigano kati ya Watwa na Waluba yaliteketeza vijiji vya Kalemie, Nyunzu, Manono na Kabalo, na katika mwaka 2017 waliohama makwao jimboni walipita nusu milioni. Wengi walijenga vibanda vya nyasi pembezoni mwa mji. Baadaye ziwa nalo likapanda, na mwaka 2024 maji yakaingia katika nyumba na maduka ya karibu na pwani. Mwanzoni mwa 2025, Goma na Bukavu zilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, watu wakateremka kwa maboti kutoka Kivu na kushukia hapo hapo. Mwanamke aliyepoteza mume, shamba na kijiji katika miaka michache anahitaji unga na turubai. Anahitaji pia mtu wa kumsikiliza, na mahitaji haya mawili hayangojani.

Huyo wa kumsikiliza si rahisi kuwa daktari wa magonjwa ya akili. Nchini Kongo madaktari hao ni wachache mno na wengi wao wako Kinshasa. Vituo vinavyojulikana zaidi upande wa mashariki na kusini viko mbali na ziwa hili: Tulizo Letu kiko Goma, SOSAME Bukavu, na kile chenye jina la Joseph Guislain kiko Lubumbashi. Anayebisha hodi kwenye kibanda ni RECO, yule mhamasishaji wa afya wa mtaa, au ni APS, msaidizi wa kisaikolojia na kijamii. Kazi yao isidharauliwe. Mwaka 2013 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa katika vijiji vya Kivu Kusini na Kivu Kaskazini kwa wanawake 405 waliofanyiwa ukatili wa kingono. Matibabu ya vikundi yaliongozwa na wasaidizi wa hapo hapo kijijini ambao hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia, na wanawake waliopitia vikundi hivyo walipata nafuu kubwa kuliko wale waliopewa msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Msaidizi aliyefundishwa vizuri anaweza. Tabu ni kwamba mara nyingi hufundishwa kwa Kifaransa, halafu swali aliloandika kwenye daftari kwa lugha hiyo huenda kuliuliza kwa Kiswahili, juu ya mkeka, watoto wakiwa wanacheza mlangoni.

Hapo ndipo neno mawazo linapoanza kazi yake. Katika kamusi, mawazo ni wingi wa wazo, yaani lolote lile linalopita akilini. Katika mazungumzo, kuanzia Mombasa hadi Kalemie, mtu akisema ana mawazo hakusudii kwamba anafikiri. Anakusudia kwamba amelemewa: halali, chakula hakipiti, na jambo lile lile linazunguka kichwani bila kupata mlango wa kutokea. Kalemie watasema "niko na mawazo mingi", na kila asikiaye anajua kuwa hiyo ni hali ya mtu anayeumia. Wataalamu wanaijua lugha hii ya maumivu. Mwaka 2015 Bonnie Kaiser na wenzake walipitia machapisho 138 kutoka sehemu nyingi za dunia na kukuta usemi wa kuwaza kupita kiasi ukitumika kueleza mateso ya moyo. Washona wa Zimbabwe wana neno lao, kufungisisa, ambalo daktari Dixon Chibanda alilitumia kama mlango alipoanzisha mjini Harare, mwaka 2006, huduma ya Benchi la Urafiki, ambamo bibi wa mtaani hukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsaidia kuyatatua yanayomsonga, moja baada ya jingine. Hawakusubiri mgonjwa ajifunze neno la Kizungu la ugonjwa wake.

Kwa hiyo aliyeitafsiri istilahi yetu kuwa mawazo ya kujiua alipata zaidi ya alichokitafuta. Neno la Kifaransa linaeleza kinachopita kichwani tu. La Kiswahili linaongeza kwamba ni mzigo, kwamba humjia mtu bila kualikwa na kumchosha. Linamwonyesha kama anayeumia, halimhukumu kama mkosaji. Mimi singelibadilisha. Wako wanaopendekeza fikra za kujiua, au dhana ya kujiua, kwa kuwa zinasikika kitaalamu zaidi. Fikra ni neno la hoja na msimamo, na dhana ni ya darasani. Hakuna mama wa Kalemie atakayesema ana dhana.

Lakini faida hiyo hiyo ina hatari ndani yake. Kwa kuwa kila mtu ana mawazo, ya karo, ya deni, ya mtoto anayeharisha katika mji ambao kipindupindu hakijakoma kurudi, sikio la msaidizi linaweza kuzoea. Anayesema "mawazo yamenizidi" anajibiwa avumilie, aombe, kesho itakuwa afadhali. Yamkini ni kweli. Yamkini pia alikuwa anapima kama huyu anayeketi mbele yake anaweza kuambiwa lililobaki.

Madaktari, ili wasibaki kubahatisha, wameigawa istilahi kwa ngazi. Kipimo kinachotumika sana ni kile cha Chuo Kikuu cha Columbia, kilichochapishwa na Kelly Posner na wenzake mwaka 2011, na ambacho tangu hapo kimetafsiriwa katika lugha zaidi ya 100. Maswali yake yanapanda. Je, umewahi kutamani kuwa umekufa, au kulala usiamke? Je, umewaza kujiua? Umewaza utafanyaje? Umekusudia kulitenda? Umeshaanza kupanga? Umewahi kujaribu, au kujiandaa kujaribu? Kiswahili kina maneno ya ngazi zote hizi bila kukopa hata moja kutoka Kifaransa: kutamani kufa, kuwaza kujiua, kuwaza njia, kukusudia, kupanga, kujiandaa au kujaribu. Ngazi ya kwanza ndiyo inayochanganya watu zaidi. Mjane mzee anaposema "Mungu anichukue tu", huenda amechoka na anasali kwa namna yake. Huenda pia ameshavuka kutoka kutamani kufa hadi kuwaza kujiua. Kwa sikio, sentensi ni ile ile. Linalotenganisha ni swali la pili, na swali hilo lazima mtu aliulize.

Wengi hawaliulizi. Wanaogopa kwamba kulitaja jambo ni kulipanda moyoni mwa mtu. Hofu hii inaeleweka, na imechunguzwa. Mwaka 2005 Madelyn Gould na wenzake walitangaza matokeo ya utafiti wa wanafunzi zaidi ya 2,300 katika jimbo la New York: walioulizwa juu ya kujiua hawakufadhaika kuliko wasioulizwa, na waliokuwa na sonona hawakuonekana kuumizwa na swali. Mwaka 2014 mapitio ya tafiti 13 yalifikia pale pale. Mtu mwenye mawazo hayo amekwisha kuwa nayo. Swali linampa ruhusa ya kuyatoa nje.

Anayeogopa kuuliza hukimbilia tasfida, na lugha yetu ni tajiri wa tasfida za kifo. Tunafariki, tunaaga dunia, tunatangulia. Msibani ni adabu nzuri. Kwenye swali hili zinaharibu. Fikiria msaidizi anayemwuliza kijana, "Papa, hauwazi kufanya kitu kibaya?" Kitu kibaya chaweza kuwa wizi, ugomvi au pombe, kwa hiyo jibu la hapana halituambii chochote. Tena kijana ameshaambiwa, kabla hajafungua mdomo, kwamba linalomsumbua ni baya, na swali lenyewe limekaa katika ukanushi, likimwomba akatae. Atakataa. Swali linalofaa ni fupi: "Papa, hayo mawazo yanakufikisha mpaka kuwaza kujiua?" Linaanza na neno lake yeye mwenyewe, mawazo, halafu linalitaja jambo kwa jina lake.

Kujiua ndilo jina hilo, na ni zuri kwa kazi hii. Lina kitenzi na kiambishi cha kujirejea, basi. Halitaji kosa wala dhambi, na halitaji njia. Katika mazungumzo na hata redioni, kujinyonga hutumiwa kama jina la kila kifo cha aina hii, na hapa ningewasihi watangazaji waliache. Shirika la Afya Duniani limewaonya waandishi wa habari mara nyingi wasieleze njia iliyotumika, kwa sababu habari zenye maelezo hayo hufuatwa na vifo vingine, hasa kati ya walio katika hali kama ya marehemu. Neno linaloitaja njia tayari limeieleza. Iachwe pia kauli ya jaribio lililofaulu au lililoshindikana. Kifo hakiitwi kufaulu, na aliyesalia hakushindwa. Alijaribu kujiua, yuko hai, inatosha. Radio Okapi imekuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu ilipoanzishwa mwaka 2002, na mtangazaji wa Kalemie anasikika mbali kuliko APS yeyote. Upo ushahidi wa upande mwingine pia: mwaka 2010 watafiti wa Austria walionyesha kwamba habari za watu waliofikwa na mawazo haya wakayapita ziliendana na kupungua kwa vifo. Habari kama hizo Tanganyika inazo nyingi kuliko tunavyozisikia.

Neno moja zaidi linahitaji kutengwa, nalo ni kujidhuru. Dodoso la maswali tisa la kupima sonona, PHQ-9, ambalo toleo lake la Kiswahili limetumika na kupimwa nchini Kenya, lina swali la mwisho linalounganisha mambo mawili: kuona ni heri ufe, na kuwaza kujidhuru. Anayejibu ndiyo hajasema ni lipi kati ya hayo. Mtu anaweza kujiumiza bila kukusudia kufa, na mwingine akakusudia kufa bila kuwa na alama hata moja mwilini. Msaidizi asiishie kwenye namba ya karatasi; aulize tena.

Ukubwa wa jambo hili unajulikana. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 727,000 walikufa kwa kujiua duniani mwaka 2021, na karibu robo tatu yao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kenya ilikuwa ikimshtaki aliyejaribu kujiua hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinapingana na katiba. Uamuzi huo ni wa haki, kwani anayeogopa polisi hatajibu swali letu kwa ukweli. Kalemie hofu ya watu ina sura nyingine: aibu ya ukoo, maneno ya majirani, na mashaka kwamba mchungaji ataona pepo mahali penye ugonjwa. Wachungaji wengi wana moyo wa kusaidia, na watu huwaendea kabla ya muuguzi. Nao wafundishwe ngazi zile sita.

Jibu likiwa ndiyo, kuna la kufanya, na halihitaji dawa ya gharama. Kuwaweka watu mbali na kitu cha kujiulia huokoa. Sri Lanka ilipopiga marufuku viuatilifu vyenye sumu kali, kiwango cha kujiua kilishuka kwa takriban asilimia 70 kati ya 1995 na 2015, kwa sababu saa ya hatari huwa fupi na wengi wakiivuka hubaki hai. Kufuatilia nako huokoa. Katika utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2008, watu 1,867 waliofikishwa hospitali katika nchi tano baada ya kujaribu kujiua waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipata matibabu ya kawaida. Jingine liliongezewa mazungumzo ya saa moja na kisha kutembelewa au kupigiwa simu mara tisa kwa miezi 18. Waliokufa kwa kujiua katika fungu la kwanza walikuwa asilimia 2.2, katika la pili asilimia 0.2. Kutembelea mtu ni kazi ambayo RECO wa Kalemie anaifanya kila wiki kwa ajili ya chanjo na kipindupindu, na njia za kufika kwenye vibanda anazijua.

Wanaoandaa mafunzo ya wasaidizi hawa, nawaomba wayaandike maswali kwa Kiswahili tangu mwanzo na kuwaacha wenyeji wa Kalemie wayajaribu midomoni mwao kabla hayajachapwa. Nawe msomaji, ndugu yako akikuambia kwamba mawazo yamemzidi, usimpe mawaidha kwanza. Mwulize kama anawaza kujiua, kwa neno hilo hilo. Akikubali, kaa naye, yaondoe karibu naye yanayoweza kumdhuru, mfikishe kwenye kituo cha afya au kwa msaidizi wa mtaa wenu, na kesho urudi kumtazama.