Utamu wa Constantia na majina ya wagema wake

Kiswahili kina neno moja, zabibu, kwa tunda bichi la mzabibu na kwa tunda hilohilo likishakaushwa. Waarabu tuliowakopa neno hili wana mawili: inabu ni tunda bichi, zabibu ni lililokauka. Sisi tulilichukua jina la tunda kavu tukalitwika kazi zote mbili, nadhani kwa sababu lililofika pwani kwa jahazi lilikuwa kavu. Kinywaji chenyewe tunakiita mvinyo, kutokana na vinho la Wareno, au divai, kutokana na du vin ya Wafaransa. Mtaani siku hizi ni waini tu, basi.

Nayataja haya kwa kuwa divai ninayoizungumzia leo huzaliwa hapo katikati, zabibu inapoacha kuwa mbichi na haijawa kavu. Ni divai tamu ya Constantia, karibu na Cape Town, ile inayonywewa baada ya mlo.

Shamba la Constantia lilianzishwa mwaka wa 1685 na Simon van der Stel, mkuu wa makao ya Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki huko Rasini. Baada ya kifo chake mwaka wa 1712 liligawanywa. Hendrik Cloete alilinunua Groot Constantia mwaka wa 1778, na ni zama za ukoo wake zilizoipeleka divai hii kwenye meza za wafalme wa Ulaya. Napoleon aliinywa akiwa kizuizini St Helena. Jane Austen aliitaja katika riwaya yake ya 1811, na Dickens naye baadaye.

Utengenezaji wake unahitaji subira. Vichala vya aina iitwayo Muscat de Frontignan huachwa mtini muda mrefu baada ya kuiva, jua na upepo wa bahari vikavinyausha, maji yakapungua na sukari ikabaki. Wavunaji hupita shambani mara kadhaa, kila mara wakichuma vilivyo tayari tu. Maji yanayokamuliwa ni machache na mazito. Yanapochacha, hamira hushindwa kuila sukari yote, ndiyo maana utamu hubaki bila kuongezwa kitu. Mgema wa mnazi kule Kilifi angeshangaa: tembo lake tamu la asubuhi huwa kali jioni, lakini hii hukaa kwenye mapipa miaka na utamu wake.

Sasa, nani alipita shambani mara hizo zote? Tunasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Constantia mgema hakusifiwa kabisa. Sifa zilimwendea mwenye shamba. Kazi ilifanywa na watumwa. Wanahistoria wanakadiria kuwa watu takriban 63,000 waliletwa Rasini kama watumwa kati ya 1652 na 1808, kutoka India, visiwa vya Indonesia, Madagascar na pwani yetu hii ya Afrika, hasa Msumbiji. Miaka ya 1770 meli za Kampuni zilifika hata Zanzibar kununua watu.

Mtu akishanunuliwa alipewa jina jipya. Mara nyingi liliishia na mahali alikotoka: van Bengalen, van Mosambiek. Wengine waliitwa kwa miezi. Katika orodha za mirathi majina hayo yameandikwa pamoja na mapipa na ng'ombe.

Mkasa wa Anna de Koningh ndio unaonisumbua zaidi. Mama yake, Angela van Bengalen, alikuwa mtumwa, na Anna mwenyewe alizaliwa utumwani Batavia kabla ya wote wawili kupewa uhuru wakiwa Rasini. Aliolewa na Oloff Bergh, na mumewe alipofariki mwaka wa 1724 akairithi Groot Constantia. Naye akamiliki watumwa. Vitabu vya utalii hupenda nusu ya kwanza ya kisa hiki.

Utumwa ulikomeshwa mwaka wa 1834, ila waliokombolewa walilazimishwa kuwatumikia mabwana wao miaka minne zaidi. Magonjwa ya mizabibu na madeni yakafuata. Serikali ya Rasini ililinunua Groot Constantia mwaka wa 1885, na divai ile tamu ikatoweka. Ilifufuliwa shamba jirani, Klein Constantia, kwa mavuno ya 1986, na inauzwa kwa jina la Vin de Constance.

Ile miezi nayo haijafa. Cape Town wapo hadi leo akina February, April na September. Wapo pia katika nyaraka watu wa Msumbiji ambao karani wa Kiholanzi aliyasikia majina yao ya nyumbani akayaandika alivyoweza. Ningependa mwanafunzi wetu mmoja wa isimu, anayetafuta mada ya tasnifu, aende akayasome akiwa na kamusi ya Kimakua mkononi.