Njia Panda ya Ubungo

Mwaka 2010 nilimpeleka marehemu mke wangu Hospitali ya Muhimbili kwa gari letu dogo. Tulitoka Singida usiku, tukazipita Manyoni, Dodoma na Morogoro, kilomita zipatazo 700, bila tatizo. Tulipofika Ubungo, pale Barabara ya Morogoro inapokutana na ile ya Mandela na ile ya Sam Nujoma, tulikwama kwenye foleni kwa saa mbili. Mgonjwa aliniuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, si ulisema tumefika?" Sikuwa na jibu.

Mwezi Machi 2017 liliwekwa jiwe la msingi la barabara za juu. Tarehe 24 Februari 2021 Rais John Magufuli alizizindua, zikiwa za ngazi tatu, na kuzipa jina la Mhandisi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi aliyefariki wiki moja kabla.

Nilipita hapo tena mwaka 2023, nikiendesha mwenyewe. Kwa mazoea mguu wangu ulitafuta breki, lakini hapakuwa na taa ya kuningoja. Kufumba na kufumbua nilikuwa nimevuka. Nilifurahi, kisha nikatazama kiti cha kushoto. Kilikuwa kitupu.

Miaka mingi nilifundisha historia, nikawakaririsha wanafunzi tarehe za uzinduzi. Sikupata kuwaambia kwamba kila tarehe ina watu iliowawahi, na wengine iliowachelewea.