Mabao Saba

Siku ile ya Februari 2016 nilikuwa nimekaa barazani kwangu hapa Ziba, redio ikiwa juu ya kigoda, nikingoja matokeo ya siku ya mwisho ya Ligi Daraja la Kwanza. Msomaji wa habari akatangaza: Polisi Tabora saba, JKT Oljoro sifuri. Jirani yangu akapiga makofi. Kisha likasomwa la pili: Geita Gold nane, JKT Kanembwa sifuri. Makofi yakakoma, jirani akanigeukia kana kwamba mimi ndiye niliyefunga. Sikumjibu, kwa sababu lile bao la saba lilikuwa limenirudisha mbali, mahali ambapo yeye hapajui.

Kwanza nieleze ligi yenyewe, maana wengi huifahamu Simba na Yanga tu. Daraja la Kwanza, ambalo siku hizi huitwa Championship, ndilo ngazi ya pili ya kandanda yetu. Msimu ule wa 2015/16 lilikuwa na timu 24 katika makundi matatu, nane kila kundi, na kila kundi lilipandisha timu moja tu. Kundi C lilikuwa letu, watu wa magharibi na kaskazini. Mlikuwamo Polisi Tabora na Rhino Rangers, zote za mkoa huu, Geita Gold, Mbao ya Mwanza, Polisi Mara, Panone ya Kilimanjaro, JKT Oljoro ya Arusha na JKT Kanembwa ya Mkoa wa Kigoma. Timu moja ilicheza mechi 14, na ukitazama ramani utaona kwamba sehemu kubwa ya msimu huishia ndani ya basi. Wachezaji wa ngazi hii hawajengewi nyumba kwa miguu yao. Wengi hucheza kwa tumaini la kupanda, basi.

Tabora ilikwisha kuonja utamu huo. Rhino Rangers ilipanda mwaka 2013 pamoja na Mbeya City na Ashanti United, ikakaa Ligi Kuu msimu mmoja, na mwaka 2014 ikateremka pamoja na Ashanti na hao hao Oljoro. Kwa hiyo Polisi Tabora ilipokuwa ikifukuzana na Geita Gold hadi siku ya mwisho, mji mzima ulikuwa na njaa, na mimi pia. Jambo lililobaki lilikuwa hesabu. Timu mbili zikilingana pointi, hutazamwa tofauti ya mabao, na hapo mchezo huacha kuwa kati ya timu mbili zilizoko uwanjani. Kila mmoja humchungulia mwenzake aliye mji mwingine na kumwomba aliye mbele yake afungwe mengi. Naye aliye mbele yake hana tena cha kupata wala cha kupoteza.

Mwezi wa Aprili Kamati ya Nidhamu ya TFF ikaamua kwamba matokeo yale yalipangwa. Timu zote nne, yaani wafungaji na wafungwaji, zikateremshwa. Mbao, iliyokuwa nyuma ya wakubwa wale, ikapandishwa badala yao, ikaungana na African Lyon na Ruvu Shooting waliopanda kutoka makundi mengine. Nilisikia watu Tabora wakilalamika kwamba Mbao imeokota dodo chini ya mwarobaini. Lakini mwaka uliofuata Mbao hao hao waliitoa Yanga katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, wakafika fainali Dodoma na kufungwa na Simba 2–1. Kwa maoni yangu waliokota kilichokuwa chao.

Sasa nirudi kule bao la saba liliponipeleka. Katika miaka ya themanini nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ambayo sitaitaja, na timu yetu ilikuwa imekwisha kutolewa katika mashindano ya shule za wilaya. Ilibaki mechi moja. Usiku wake rafiki yangu, mkuu wa shule tuliyokuwa tucheze nayo, alikuja nyumbani. Tulikunywa chai. Hakuomba kitu, alisema tu kwamba wao wanahitaji mabao manne. Nami sikuahidi kitu. Asubuhi nilimwambia mwalimu wa michezo kwamba mlinda mlango wetu apumzike, ajaribiwe mwingine. Tulifungwa matano.

Hakuna kamati iliyokaa. Rafiki yangu alipeleka vijana wake mkoani na tukaendelea kuamkiana. Ila yule mlinda mlango, kijana wa kidato cha tatu, alikuja ofisini siku ya pili yake na glavu za shule, jozi pekee tuliyokuwa nayo, akaziweka juu ya meza, akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Nimerudisha." Hakudaka tena. Mimi niliyekuwa nikiwacharaza viboko waliochungulia madaftari ya wenzao wakati wa mtihani sikupata neno la kumwambia.

Tabora ilingoja hadi 2023. Walioipandisha walikuwa Kitayosce, timu yenye asili ya Kilimanjaro iliyohamia kwetu, ikashika nafasi ya pili nyuma ya JKT Tanzania na kubadilishwa jina kuwa Tabora United. Wapo walionuna kwamba si watoto wa nyumbani. Mimi sikuona ajabu. Mji huu tangu enzi za misafara ya Ujiji na pwani umeishi kwa wageni wanaotua mizigo. Agosti mwaka ule, kwa matatizo ya usajili, mechi ya kwanza dhidi ya Azam waliingia uwanjani watu wanane. Feisal Salum akafunga matatu, wakawa wamefungwa manne, na walipobaki pungufu ya saba mwamuzi akamaliza mchezo mapema kabisa. Niliona haya, lakini haya ya aina nyingine. Wanane wale walifungwa wakiwa wanacheza. Msimu huo walinusurika kwa mchujo dhidi ya Biashara United, na mwaka 2025 jina likabadilika tena kuwa TRA United.

Tarehe 7 Novemba 2024 nilikuwa Tabora mjini, katika duka la vifaa vya baiskeli. Mwenye duka ni yule mlinda mlango, sasa ana mvi. Redio ilikuwa ikitangaza kutoka Dar es Salaam: Tabora United tatu, Yanga moja. Barabarani watu walikuwa wakipiga kelele. Yeye aliendelea kukaza spoku, kisha akauliza bila kuinua kichwa:

"Mwalimu, na hawa nao wamepumzishiwa mlinda mlango?"

Nikamwambia hapana, hawa wamefunga wenyewe. Akanyosha mkono, akaongeza sauti ya redio.