Mwanga Usio na Kizuizi: Historia ya Neno "Sunshine"

Neno la Kiingereza "sunshine", lililoundwa kwa kuunganisha jina la jua na kitenzi cha kung'aa, lina ndugu wa karibu katika Kijerumani, "Sonnenschein", na katika Kiholanzi, "zonneschijn". Tangu Kiingereza cha Kati, yaani lugha iliyotumika Uingereza baina ya karne ya 12 na ya 15, limetaja mwanga unaofika moja kwa moja kutoka kwenye jua, na hapo ndipo linapoachana na "daylight", mwanga wa mchana, ambao huwapo hata mawingu yakitanda. Pacha wake "moonshine", yaani mbalamwezi, aliishia ulevini: kamusi ya lugha ya mitaani ya Francis Grose, iliyochapishwa mwaka 1785, ilimtaja kuwa pombe kali ya magendo iliyoingizwa kupitia pwani za Kent na Sussex.

Tofauti hiyo kati ya "sunshine" na "daylight" ilipata kipimo mwaka 1853, pale John Francis Campbell, Mskoti anayekumbukwa zaidi kwa kukusanya ngano za Kigaeli, alipoweka tufe la kioo ndani ya bakuli la mti ili miale iliyokusanywa na tufe iunguze bakuli. Mwaka 1879 George Gabriel Stokes, mwanafizikia wa Cambridge, aliliondoa bakuli na kuweka fremu ya chuma yenye mifuo ya kuchomekea kadi iliyochorwa mistari ya saa. Jua likiwaka, nukta ya moto husogea juu ya kadi na kuacha alama nyeusi. Wingu likipita, alama hukatika. Jioni mpimaji huichomoa kadi na kujumlisha urefu wa vipande vilivyoungua. Kifaa hicho, kilichofika hadi vituo vya hali ya hewa vya Afrika Mashariki, kina kasoro moja, kwamba kadi iliyolowa umande huchelewa kuungua na hivyo jua la asubuhi hupunjwa.

Marekani ililipa neno hilo maana ya kisheria, iliyo ya kijasiri kuliko zote: Florida ilitunga mwaka 1967 sheria ya kufungua vikao vya serikali kwa wananchi, ikaitwa kwa jina la "sunshine", na mwaka 1976 Rais Gerald Ford akatia saini sheria ya shirikisho yenye jina hilo hilo. Sheria hiyo ya pili huyabana mashirika ya serikali yanayoongozwa na bodi au tume. Bunge lenyewe lililoitunga halimo.