Kakamega: Jinsi afya ya msingi inavyopata watetezi

HUDUMA za afya ya msingi ni zile ambazo mwananchi huzipata karibu na makao yake: chanjo za watoto, kliniki ya wajawazito, matibabu ya malaria, na mafunzo kuhusu usafi wa maji na vyoo. Ndizo zinazowafaa maskini zaidi. Hata hivyo, ndizo ambazo mara nyingi hukosa mtetezi fedha za umma zinapogawanywa, kwa kuwa zahanati ndogo ya kijijini haimletei mwanasiasa sifa kama hospitali kubwa ya mjini.

Mnamo Septemba 1978, wajumbe wa mataifa 134 walikutana mjini Alma-Ata, katika nchi ambayo sasa ni Kazakhstan. Azimio lao lilitamka kwamba afya ni haki ya binadamu, na kwamba wananchi wana haki na wajibu wa kushiriki katika kupanga na kuendesha huduma zao.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970, wazo hilo lilifanyiwa majaribio Kakamega. Dkt Miriam Were, mzaliwa wa wilaya hiyo, aliongoza mradi wa Wizara ya Afya na UNICEF ambapo wanavijiji walijichagulia wahudumu wa afya miongoni mwao. Mhudumu aliyechaguliwa na majirani zake aliaminika, na kijiji kilijiona kuwa mwenye mradi wala si mpokeaji wa msaada tu. Kenya ilitangaza mkakati wa kitaifa wa afya ya jamii mwaka wa 2006, na mwaka wa 2008 Dkt Were alitunukiwa Tuzo ya Afrika ya Hideyo Noguchi na serikali ya Japani.

Imani ya wananchi pekee haitoshi. Ada za matibabu, ambazo ziliondolewa kwa wagonjwa wasiolazwa mwaka wa 1965, zilirejeshwa Desemba 1989. Mwaka wa 2004 zilipunguzwa hadi Sh10 katika zahanati na Sh20 katika vituo vya afya, kisha zikaondolewa humo mwaka wa 2013. Kila mara, aliyeamua iwapo maskini angetibiwa hakuwa daktari bali mwanasiasa.

Katiba ya 2010 ilikabidhi kaunti jukumu la afya ya msingi. Mnamo 2013, serikali ya Kakamega chini ya Gavana Wycliffe Oparanya ilianzisha, kwa ushirikiano na UNICEF, mpango wa Imarisha Afya ya Mama na Mtoto. Akina mama wasiojiweza walipewa Sh2,000 katika kila hatua ya hatua sita, jumla Sh12,000, mradi wahudhurie kliniki, wajifungulie kituoni na kukamilisha chanjo za mtoto. Wananchi wengi waliuita ‘Oparanya Care’.

Jina hilo lilionyesha nguvu na udhaifu wa mpango wenyewe. Huduma inayotajwa kwa jina la kiongozi huweza kuondoka naye. Ndiyo maana hatua ya bunge la kaunti kupitisha sheria ya afya ya mama, mtoto na upangaji uzazi mwaka wa 2017 ilikuwa na uzito: hisani iligeuzwa kuwa wajibu.

Lakini hata sheria huhitaji fedha. Kila mwaka, serikali ya kaunti hutakiwa kuwasilisha bungeni taarifa ya mwelekeo wa matumizi kufikia Februari 28 na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Mkazi wa Khwisero au Likuyani anayetaka dawa katika zahanati yake hana budi kuhudhuria vikao hivyo, kumhoji mwakilishi wa wadi na kuitaka kamati ya zahanati itoe hesabu.

Sheria ya Afya ya Msingi, iliyotiwa saini na Rais William Ruto Oktoba 2023, iliwatambua rasmi wahudumu wa afya ya jamii kote nchini. Wahudumu hao hujua ni nyumba gani ina mtoto asiyechanjwa na ni mama yupi hana nauli ya kwenda kliniki. Wakisikizwa bajeti inapopangwa, maskini watakuwa na mtetezi hata baada ya uchaguzi kupita.