Gharama za Kuanzia Ualimu wa Kiingereza nchini Thailand

Gharama za kuanzia ni fedha zote anazotoa mwalimu tangu anapoanza kushughulikia makaratasi nyumbani hadi siku mshahara wa kwanza unapoingia kwenye akaunti yake ugenini. Nchini Thailand, ambako walimu kutoka Kenya, Uganda na nchi nyingine za Afrika hufundisha Kiingereza sambamba na Wafilipino, Wamarekani na Waingereza, karibu fedha hizo zote hutoka mfukoni mwa mwalimu mwenyewe. Viwango vinavyotajwa hapa ni vya katikati ya miaka ya 2020, wakati baht 1 ilipokuwa karibu shilingi 4 za Kenya, au kati ya 75 na 80 za Tanzania.

Hesabu huanzia kwenye pasipoti. Korea Kusini hutoa viza ya E-2 ya walimu wa Kiingereza kwa raia wa nchi 7 tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mpango wake wa serikali, EPIK, ulioanza 1995, humpa mwalimu nyumba au posho ya nyumba, pamoja na posho ya kuanzia maisha. Japani nayo, kupitia mpango wa JET ulioanza 1987, hulipia nauli ya ndege. Mtanzania aliyesoma masomo yote kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza hadi shahada hana njia ya kuomba E-2, hata akiwa mwalimu hodari kuliko aliyepewa. Huo ni ubaguzi wa wazi, kwa maana kinachopimwa ni uraia wala si ufundishaji. Thailand haifungi mlango kwa namna hiyo. Inachotaka kwanza ni shahada. Ila anayeingia kwa mlango huo asitarajie nauli wala posho ya kujikimu kama ile anayostahili mwalimu mpya wa serikali akiripoti kituoni Tanzania.

Fedha za kwanza huliwa na makaratasi, na hulipwa kabla hata ya kujua kama kazi itapatikana. Pasipoti ya kawaida ya Tanzania ni shilingi 150,000. Cheti cha mwenendo mwema cha polisi wa Kenya ni shilingi 1,050. Cheti hicho huulizwa na Khurusapha, baraza la walimu la Thailand, ambalo bila idhini yake mgeni haruhusiwi kusimama darasani kama mwalimu wa shule. Shahada na orodha ya alama huhitaji kuthibitishwa, na kila muhuri una bei yake na foleni yake. Kwa kuwa Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo zimo katika orodha ya nchi za homa ya manjano, msafiri hutakiwa kuonyesha kadi ya chanjo iliyochomwa angalau siku 10 kabla ya kuwasili. Aliyekwisha kuchanjwa asilipe tena: tangu Julai 2016 kadi hiyo hudumu maisha yote.

Mitihani ya lugha ndiyo inayowapotezea wengi fedha. Mwombaji asiyetoka nchi zinazohesabiwa kuwa za wazawa wa Kiingereza huulizwa mara nyingi matokeo ya TOEIC, na alama 600 kati ya 990 ndizo zinazotajwa zaidi. Lakini matokeo ya TOEIC, kama yale ya IELTS, huhesabika kwa miaka 2 tu, hivyo anayefanya mtihani kwanza na kutafuta kazi baadaye anaweza kuulipia mara mbili. Cheti cha TEFL, yaani cha kufundisha Kiingereza kwa wageni, cha saa 120 husaidia kwenye usaili, na cha mtandaoni ni rahisi kwa mbali kuliko CELTA, cheti kingine cha kazi hiyo hiyo. Anayenuia shule za kawaida za mikoani hana haja ya kukopa ili apate CELTA. Fedha hizo zitamfaa zaidi akiwa ameshafika.

Viza inayofaa ni ya daraja B, yaani ya wasio wahamiaji wanaokuja kufanya kazi. Ada yake ya kuingia mara moja ni baht 2,000, na humpa mtu siku 90. Huombwa kwa barua na nyaraka za shule, kwa hiyo mwajiri lazima apatikane kwanza. Baada ya kufika hufuata kibali cha kazi, ambacho kwa mwaka 1 ni baht 3,000 pamoja na baht 100 za fomu, kisha kuongezewa muda wa ukaazi kwa baht 1,900. Baadhi ya shule hulipa ada hizi, nyingine humlipia mwalimu kisha zikamkata mshahara, na nyingine humwachia mwenyewe. Jambo hili liulizwe kwa maandishi kabla ya kusaini mkataba. Wako wanaoingia kwa viza ya utalii wakitumaini kuibadilisha huko huko. Wengi wao hujikuta wakilipa safari ya basi hadi Vientiane nchini Laos, malazi, na ada ya viza kwa mara ya pili. Anayekamatwa akifanya kazi bila kibali hutozwa faini ya baht 5,000 hadi 50,000 na kurudishwa kwao. Aliyezidisha siku hulipa baht 500 kwa kila siku, hadi kikomo cha baht 20,000.

Baada ya tiketi ya ndege, nyumba ndiyo mzigo mkubwa. Desturi iliyoenea ni kulipa amana ya miezi 2 na kodi ya mwezi 1 kwa pamoja. Chumba chenye samani katika mji wa mkoani hupatikana kwa baht 3,000 hadi 6,000 kwa mwezi, na Bangkok ni zaidi ya hapo. Mpangaji wa Dar es Salaam aliyezoea kudaiwa kodi ya miezi 6 hatashangazwa na malipo ya mkupuo, bali na masharti ya kurudishiwa amana: mkataba mara nyingi ni wa mwaka, na anayehama kabla ya muda huiacha. Kwa mwalimu aliye katika miezi ya majaribio hiyo ni hatari ya kweli, kwa sababu shule ikimwachisha kazi anapoteza mshahara na amana kwa pamoja. Ni heri kulipa zaidi kidogo kwa chumba cha mkataba wa miezi 3 au 6 hadi kazi itulie. Swali lingine la kumwuliza mwenye nyumba ni bei ya uniti ya umeme, kwani wengi huiuza ghali kuliko shirika la umeme lenyewe. Katika joto la Aprili na Mei, wakati feni peke yake haitoshi, tofauti hiyo huonekana kwenye bili.

Nguo nazo zina bajeti yake. Mwalimu wa kiume hutarajiwa kuvaa shati lenye ukosi na suruali ya heshima, wa kike sketi iliyofunika magoti, na katika shule nyingi Jumatatu huvaliwa njano, rangi ya siku aliyozaliwa mfalme. Nguo hupatikana sokoni kwa bei nafuu. Viatu vya mtu mwenye mguu mkubwa ni taabu kuvipata, afadhali abebe kutoka nyumbani.

Kinachowaangusha wengi ni muda wa kungoja. Mshahara hulipwa mwisho wa mwezi, na aliyeanza kazi katikati ya Mei, muhula unapofunguliwa, anaweza kupata nusu tu mwezi huo, au kungoja hadi mwisho wa Juni. Chukua mfano wa mwalimu anayepanga kujikimu kwa siku 45 katika mji wa mkoani. Nyumba ya wageni kwa siku za mwanzo baht 5,000. Chumba cha baht 5,000 kwa malipo ya miezi 3, baht 15,000. Chakula kwa baht 200 kwa siku, 9,000. Usafiri na simu 4,000, nguo 3,000, shuka, mto na vyombo 4,000, kibali na ukaazi 5,000. Jumla ni baht 45,000, sawa na shilingi 180,000 hivi za Kenya, mbali na tiketi ya ndege. Kwa mwalimu kutoka Afrika, ambaye mara nyingi huahidiwa baht 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi, hiyo ni karibu mishahara ya miezi 2.

Juu ya hizo ziwekwe fedha za nauli ya kurudi, zisizoguswa kwa lolote, na ziwe kwenye akaunti ya mwalimu mwenyewe au kwa ndugu anayemwamini. Hili si pambo la bajeti. Tangu 2022 serikali ya Kenya imekuwa ikiwaonya raia wake juu ya mawakala wanaoahidi ajira nzuri Thailand, kisha huwavusha watu hadi Myanmar na kuwafungia katika makambi ya utapeli wa mtandaoni. Mwanzoni mwa 2025 Wakenya walikuwa miongoni mwa maelfu waliotolewa katika makambi ya eneo la Myawaddy. Mtego huo una dalili inayomhusu mpanga bajeti: mwajiri asiyefahamika anayelipa tiketi yote, hoteli yote, na kumwambia mtu asafiri kwa viza ya utalii. Shule halali ya Thailand kwa kawaida hutuma nyaraka za viza na kumwachia mwalimu nauli yake. Anayejilipia safari anaweza kugeuka akiwa uwanja wa ndege wa Bangkok akiona gari lililokuja kumchukua linaelekea mpakani Mae Sot badala ya mji ulioandikwa kwenye mkataba.

Bajeti ya mwaka wa kwanza haiishii kwenye mshahara wa kwanza. Muhula wa kwanza hufungwa mapema Oktoba, wa pili huanza Novemba na kwisha Machi, na mikataba mingi ni ya miezi 10 au 11. Machi na Aprili basi zinaweza kupita bila senti, huku kodi ya nyumba ikiendelea na watu wa nyumbani wakitarajia kutumiwa kama kawaida. Mwalimu anayetaka kutoka nchini kipindi hicho, au anayeitwa ghafla na msiba, alipe kwanza baht 1,000 za kibali cha kuingia tena. Akipanda ndege bila kibali hicho, ukaazi wake hufutika siku hiyo hiyo, na hulazimika kuomba viza upya.