Nyongeza ya Kununua

Aprili 2006, kampuni ya Bethesda ya Marekani iliingiza sokoni deraya ya farasi. Haikuwa ya kushikika. Lilikuwa vazi la chuma la kuonekana kwenye skrini tu, la kumvisha farasi wa ndani ya gemu iitwayo The Elder Scrolls IV: Oblivion, na liliuzwa kwa dola mbili na nusu kupitia intaneti. Watu waliokuwa wamekwisha kununua gemu yenyewe walicheka, wakalalamika, kisha wengi wakalipa. Historia ya biashara ya gemu inaikumbuka deraya ile kwa sababu ilithibitisha jambo moja: mteja aliyekwisha kulipa anaweza kulipishwa tena, kwa kitu kidogo sana, akiwa amekaa nyumbani kwake.

Swali lililozaliwa pale bado linabishaniwa. Je, nyongeza za kulipia zinazijenga gemu au zinazibomoa? Ninataka kulijibu nikiwa Masasi na Newala. Gemu hazitengenezwi huku, lakini huku ndiko zinakofika mwisho, zikiwa zimepita mikono mingi. Na ukitaka kujua mzigo ulipungukiwa nini njiani, muulize aliyeupokea kituo cha mwisho.

Tuanze na neno lenyewe. Nenda sokoni Masasi ukanunue mbaazi au dagaa. Muuzaji atajaza kopo mpaka juu, atakumiminia kwenye mfuko, na wewe hutaufunga mfuko. Utabaki umeuacha wazi, ukimtazama. "Mama, niongeze basi." Atachota kidogo kwa mkono na kukutupia. Hiyo ndiyo nyongeza. Ina sheria mbili ambazo hazijaandikwa popote, ila kila mtu anazijua. Ya kwanza, kopo lazima lijae kabla ya kuzungumzia nyongeza. Ya pili, nyongeza ni ya bure. Ni heshima ya muuzaji kwa mteja wake.

Wenye kampuni za gemu waliivunja sheria ya pili, na kwa hilo pekee siwalaumu. Kazi ya ziada inastahili malipo. Ninachouliza ni kama waliiacha salama ile ya kwanza.

Mwanzoni waliiacha. Mwaka 1998 kampuni ya Blizzard ilitoa StarCraft, na mwaka huohuo ikatoa Brood War, nyongeza iliyokuja kwenye boksi lake, na CD yake, na hadithi mpya ndefu. Aliyekuwa na StarCraft peke yake hakuhisi amepunjwa, kwa kuwa kopo lake lilikuwa limejaa. Kuanzia mwaka 2000, The Sims nayo ilikuwa ikitoa nyongeza za namna hiyo, moja baada ya nyingine. Nyongeza ya boksi ilikuwa na adabu ambayo teknolojia yenyewe iliilazimisha: kuchapa CD, kuisafirisha na kuipanga dukani ni gharama, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kutengeneza boksi zima kwa ajili ya vazi la farasi.

Dalili za mambo mengine zilikuwapo tangu zamani. Mwaka 1990 ilitoka gemu ya Double Dragon 3, ya zile mashine za kutumbukiza sarafu. Ndani yake kulikuwa na duka: mchezaji aliongeza sarafu ya kweli ili apate mbinu mpya za kupigana au mpiganaji mwingine. Toleo la Japani liliondolewa duka hilo. Wazo lilisubiri intaneti, na intaneti ilipoingia kwenye mashine za nyumbani, gharama ya boksi ikatoweka, na adabu yake ikatoweka nayo.

Kufika mwaka 2012 kopo lilikuwa limeanza kupunguzwa waziwazi. Capcom ya Japani ilitoa Street Fighter X Tekken, na wachezaji wakagundua kwamba wapiganaji 12 walikuwa tayari ndani ya diski waliyoinunua, ila wamefungiwa mpaka walipiwe upya. Mwaka huohuo kampuni hiyohiyo ilitoa Asura's Wrath, na mwisho wa kweli wa hadithi yake ukauzwa peke yake baadaye. Hapo hatuzungumzii tena konzi la mbaazi linaloongezwa juu ya kopo. Muuzaji amechota humohumo koponi, akaficha nyuma ya meza, kisha akakuita akuuzie.

Sasa turudi huku kwetu. Nilikulia Masasi, na gemu nilizijua kwenye kibanda: runinga mbili au tatu za kichogo, mabenchi, pazia la kuzuia mwanga, na PlayStation 2 zilizokwisha kufunguliwa na fundi ili zisome CD za kunakili. Tulilipa kwa mechi, na mara nyingi anayefungwa ndiye aliyelipa. Msimu wa korosho ulipofika, kuanzia Oktoba, foleni ya kusubiri pedi iliongezeka, kwa kuwa hela ilikuwa imeingia majumbani. Mvua za masika zilipokolea, mwenye kibanda alikubali deni.

Tuseme ukweli kuhusu vibanda vile: watengenezaji wa gemu hawakupata senti kutoka kwetu. Anayetaka kuzitetea nyongeza za kulipia ana haki ya kutukumbusha hilo. Kuna watu wamekaa miaka mingi wakichora uwanja, wakipanga mwendo wa mpira, na sisi tuliucheza kwa CD ya kunakili. Lakini kibanda kilikuwa na hali nyingine pia. Gemu pale ilikuwa kitu cha watu wengi. Diski moja ililisha mtaa mzima, ikachakaa, ikanakiliwa, ikapanda milima kwenda Newala, ikachezwa huko miaka mingine mitatu.

Hata nyongeza tulikuwa nazo. Matoleo ya mwisho ya mpira kwa PlayStation 2, FIFA 14 na PES 2014, yalitoka mwaka 2013, na mashine yenyewe ilikuwa imeachwa kutengenezwa. Baada ya hapo hakuna kampuni iliyojishughulisha tena na wachezaji wa PS2. Wakajishughulisha mafundi wa mitaani duniani kote. Brazili kuna Bomba Patch, kazi ya mashabiki iliyoanza mwaka 2007, ambayo imeendelea kuingiza wachezaji na jezi mpya kwenye gemu kuukuu ya PS2. CD za namna hiyo zilifika mpaka kwetu. Fundi alikuja na "msimu mpya", mwenye kibanda akalipa mara moja, sote tukacheza.

Januari 2020 Mbwana Samatta alihamia Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Kila kijana alitaka kumchezesha akiwa na jezi ile. Mwenye gemu mpya na intaneti aliletewa uhamisho huo bila malipo ya ziada. Alichohitaji ni bando tu. Mwenye mashine ya zamani alimsubiri fundi, au alijifanyia mwenyewe: anaingia kwenye orodha ya wachezaji, anamtoa mtu mmoja, anaandika SAMATTA, anachagua namba. Hiyo nayo ni nyongeza. Ilikuwezekana kwa sababu diski ile ilimpa mwenye nayo ruhusa ya kuifungua na kuirekebisha.

Gemu za sasa zimelifunga jambo hilo kwa kufuli mbili.

Kufuli ya kwanza ni akaunti. Vitu vingi huku hutufikia kama mitumba. Shati la mtumba huja na vifungo vyake, na redio ya mtumba huja na masafa yake yote. Kati ya mwaka 2010 na 2013, kampuni ya EA iliweka kwenye gemu zake namba ya siri ya kutumika mara moja: mnunuzi wa kwanza akiitumia, anayenunua diski ileile mitumba hawezi kucheza na wengine mtandaoni mpaka alipie. Mpango ule ulifutwa mwaka 2013, lakini nyongeza za kupakua zimeendeleza mantiki yake. Nyongeza haikai kwenye diski. Inakaa kwenye akaunti ya aliyeinunua. Diski ikiuzwa, wapiganaji, viwanja na sura za hadithi alizolipia haziondoki nayo. Kinachosafiri kuja Masasi ni kopo lililopungua.

Kufuli ya pili ni duka lenyewe. Nintendo ilifunga duka la mtandaoni la Wii Januari 2019, na la 3DS Machi 2023. Microsoft ilifunga duka la Xbox 360 Julai 2024. Sony ilitangaza mwaka 2021 kulifunga la PlayStation 3, kisha ikarudi nyuma wateja walipopiga kelele. Kwa mtu wa Chicago, duka la mashine ya miaka 15 iliyopita kufungwa ni habari ya kumbukumbu. Kwa mtu wa Newala, mashine ya miaka 15 iliyopita ndiyo iliyoshuka kwenye basi wiki jana. Anaiwasha, anataka kununua mwisho wa hadithi, na hela anayo mkononi, lakini muuzaji ameshafunga na kuondoka.

Wakulima wa huku wanaijua hali hii kwa jina lingine. Mwaka 2007 mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kutumika kwa korosho za Mtwara. Katika miaka yake ya mwanzo mkulima alipeleka gunia zima kwenye chama cha msingi, akapewa malipo ya kwanza, kisha akasubiri ya pili baada ya mnada, na pengine bonasi baadaye. Gunia lilitoka lote. Hela ilikuja vipande. Kipande cha pili kilipochelewa au kupungua, hakuwa na la kufanya, kwa maana korosho hazikuwa tena mikononi mwake. Aprili 2013 hasira ya malipo yaliyopungua ililipuka kuwa ghasia Liwale, mkoa jirani wa Lindi. Mnunuzi wa gemu amegeuziwa mambo hayohayo: anatoa hela yote, anapokea gemu vipande. Mkulima na mchezaji wanafanana katika jambo moja, kwamba anayeshikilia kilichobaki ndiye anayepanga masharti.

Lakini zipo hoja upande wa pili, na zina uzito. Mwaka 2015 kampuni ya CD Projekt ya Polandi ilitoa The Witcher 3, ikagawa nyongeza ndogondogo 16 bila malipo, halafu ikauza mbili kubwa. Ya pili, Blood and Wine ya mwaka 2016, ilikuwa ndefu na nzuri kiasi cha kushinda tuzo ikishindana na gemu kamili. Bila nyongeza ya kulipia, kazi ile isingekuwapo. Halafu kuna eFootball, jina ambalo Konami iliipa PES mwaka 2021 ilipoifanya ya bure. Kijana wa Newala mwenye simu ya kawaida anaweza kuipakua leo kihalali, bila CD ya kunakili wala fundi, na akacheza bila kulipa, kwa sababu mahali pengine kuna mtu analipa. Wanaonunua nyongeza wanawabeba wasionunua. Kwa historia ya vibanda vyetu, hilo si jambo dogo. Tulicheza kwa mlango wa nyuma. Sasa tumefunguliwa wa mbele.

Ila tuangalie yule anayetubeba analipia nini. Mwaka 2009 FIFA 09 iliongezewa Ultimate Team, mchezo wa kufungua pakiti za wachezaji usiowajua mpaka ulipie. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021, Ultimate Team iliiingizia EA dola bilioni 1.62. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba pakiti za aina hiyo ni kamari, na Januari 2019 EA ikaacha kuuza huko sarafu za kuzinunulia. Kwa nchi yenye vijana wengi wanaoshika mikeka ya kubashiri mechi kila Jumamosi, somo hilo linaeleweka bila mfasiri. Mtoto anayejifunza kufungua pakiti akiwa na miaka 10 amekwisha kuzoezwa kubashiri.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Nyongeza ya kulipia ni njema ikikutana na kopo lililojaa, mteja akijua anachonunua kabla ya kutoa hela, na kitu chenyewe kikiweza kumpita mwenyewe: kiweze kuuzwa, kurithiwa, kuchezwa hata duka likifungwa. Brood War ilitimiza yote matatu. Blood and Wine ilitimiza mawili ya kwanza, na ikatimiza la tatu pale gemu nzima ilipotolewa upya kwenye diski pamoja na nyongeza zake. Wapiganaji 12 wa Capcom walishindwa kwenye la kwanza. Pakiti za Ultimate Team zinashindwa kwenye la pili na la tatu.

Sharti la tatu ndilo linalosahauliwa kwenye mabishano ya huko gemu zinakotoka, kwa sababu huko kila mtu ni mnunuzi wa kwanza. Sisi ni wanunuzi wa tatu, wa nne, wa saba. Nusu ya vitu vilivyotufundisha dunia vilitufikia baada ya mwenyewe kuvichoka. PES 2014 ya kibanda cha Newala, iliyokwaruzika na kufutwa kwa fulana mara elfu, ukiiweka leo kwenye mashine itafunguka na timu zake zote, haitauliza akaunti ya mtu, wala haitasema duka limefungwa. Gemu zinazotoka mwaka huu zitakapofika Newala, baada ya miaka kumi au kumi na mitano, ningependa ziwe zinaweza kufanya hivyohivyo.